Walimshuku wa Chungwa: uchambuzi wa kisa cha kupima jeni za rangi kwa paka wa Kiajemi

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki, miaka michache kabla wanasayansi hawajaitambua jeni ya rangi ya chungwa ya paka. Majina ya watu, mji na maabara yameondolewa, pamoja na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaopandisha paka wa ukoo, na hasa kwa yule anayeamini kwamba ukimtazama mtoto rangi umeshamjua baba yake.

## Usuli

Mfugaji ni mama anayefuga paka wa Kiajemi nyumbani kwake, majike machache tu. Wakati huo alikuwa pia na dume mchanga mweusi, aliyemnunua ili baadaye awe dume la mbegu. Jike wa kisa hiki ni mweupe pe, mwenye macho ya rangi ya shaba. Cheti chake cha ukoo kipo, lakini kwenye nafasi ya rangi kimeandikwa neno moja: nyeupe. Alikuwa amezaa mara moja kabla ya hapo, watoto wawili, wote weupe. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa chini ya weupe ule.

Dume alitoka kwa mfugaji mwingine, bwana mmoja wa upande wa pili wa mji. Ni dume la buluu, rangi ambayo asiye mfugaji ataiita kijivu, nayo si kitu zaidi ya weusi uliofifishwa. Makubaliano yalikuwa haya: jike akae kwa dume siku chache, na malipo ya kupandisha yawe mtoto mmoja, ambaye mwenye dume atamchagua kabla ya mtu mwingine yeyote. Waliafikiana kwa mdomo, kisha wakathibitishana kwa ujumbe wa simu. Hakuna aliyetaja jike akirudi kwake atengwe na nani, wala kwa muda gani.

Kwa paka hilo si jambo dogo. Paka jike hutoa mayai kwa kuchochewa na tendo lenyewe la kupandwa, na katika joto moja, yaani kipindi kimoja cha kutaka dume, anaweza kupandwa mara nyingi. Akipata madume wawili ndani ya siku hizo, watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba wawili. Wanaochunga paka wa mitaani wanalijua hili vizuri kuliko wengi wetu tunaofuga ndani.

## Mtiririko wa matukio

Jike alirudishwa nyumbani akiwa bado kwenye joto, analia usiku kucha na kujiviringisha sakafuni. Mfugaji akafunga madirisha na mlango wa ua, kwa sababu nje kulikuwa na paka wa chungwa, mwenye milia na manyoya mafupi, anayejulikana mtaa mzima kwa ubabe. Dume mchanga mweusi alibaki ndani pamoja na wengine. Alikuwa hajatimiza mwaka, na mama yule alimhesabu bado mtoto.

Baada ya miezi miwili na siku kadhaa wakazaliwa watoto wanne: jike mweupe, dume wa chungwa, dume mweusi na jike wa buluu. Walipokua kidogo wote wakaonekana kuwa na manyoya marefu.

Watoto walipokaribia wiki nane mwenye dume alikuja kuchagua. Alimwinua wa chungwa, akamgeuza, akamrudisha kikapuni. "Dada, huyu si wa dume langu. Buluu na nyeupe zitatoaje chungwa? Tena ana milia. Huyu ni wa yule paka wenu wa nje." Mfugaji akaapa kwamba jike hakutia mguu nje ya nyumba. Mwenye dume akasema hana haja ya kugombana, ila ana mambo mawili. La kwanza, wa chungwa asiandikishwe kwa jina la dume lake. La pili, yeye anamchukua mweusi, maana huyo ndiye aliyemwona kuwa na damu safi.

Kuhusu mweusi mfugaji hakubisha. Alibisha kuhusu wa chungwa, kwa kuwa kulikuwa na mteja aliyekwisha kumwekea amana, na mtoto asiye na baba kwenye karatasi bei yake huporomoka. Hapo ndipo daktari wake wa mifugo alipoitwa, si kutibu bali kuamua.

## Hesabu ya karatasi

Kabla ya kuagiza kipimo chochote daktari aliwaketisha wote wawili na karatasi. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu bora ya kisa kizima, kwa sababu karibu nusu ya ugomvi uliisha palepale bila malipo.

Alianza na chungwa. Jeni ya rangi hiyo imo kwenye kromosomu X. Dume ana X moja tu, na hiyo amepewa na mama yake. Baba alimpa Y. Kwa hiyo rangi ya chungwa ya mtoto dume haitoki kwa baba hata siku moja. Jike angeweza kupandwa na kila paka wa chungwa aliyeko pwani, na bado mtoto dume asingekuwa wa chungwa kama mama hana X ya chungwa ya kumpa. Yule mtoto aliyesababisha kelele zote hakuwa ushahidi dhidi ya dume yeyote. Alikuwa habari juu ya mama.

Na mama ni mweupe. Weupe wa namna hii hutokana na badiliko kwenye jeni iitwayo KIT, ambalo huzuia seli zinazotengeneza rangi zisienee na kudumu kwenye ngozi wakati mtoto anaumbika tumboni. Jeni nyingine zote za rangi zipo mahali pake na hurithishwa kama kawaida, ila hazina pa kujionyesha. Ukinunua jike mweupe huku ukiwaza rangi za watoto wake, umenunua mbuzi kwenye gunia. Ndani ya gunia hili kulikuwa na X moja ya chungwa, iliyomfikia mtoto dume, na X nyingine isiyo ya chungwa, iliyowafikia mweusi na wa buluu. Kama jike huyu angekuwa na rangi mwilini, angekuwa wa mabaka ya nyeusi na chungwa.

Mtoto wa buluu naye alikuwa na la kusema. Dume wa chungwa ana X moja, ya chungwa, na humpa kila binti yake. Binti wa paka wa nje angeonyesha walau mabaka ya chungwa au ya krimu. Jike wa buluu hakuwa na hata unywele wa rangi hiyo. Kwa mtoto huyu, basi, paka wa nje aliondolewa bila senti kutumika.

Yakabaki milia na manyoya. Jeni inayoondoa milia kwa paka weusi na wa buluu haina nguvu juu ya rangi ya chungwa. Paka wa chungwa huonyesha milia hata kama kijenetiki ni paka wa rangi moja. Hoja ya milia ikaanguka. Manyoya marefu hujitokeza pale tu mtoto anapopata nakala yake kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo paka wa nje mwenye manyoya mafupi angelazimika kuwa anaibeba nakala hiyo kwa siri. Katika mji wenye machotara wa Kiajemi wanaozurura hilo linawezekana, hivyo daktari hakulipa uzito.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: ndani ya nyumba kulikuwa na dume gani mwingine? Mama akacheka. "Yule mweusi? Daktari, yule mtoto!" Daktari hakucheka. Dume wa paka anaweza kupevuka akiwa na miezi sita hivi. Waajemi wengi huchelewa, lakini kuchelewa kwa wengi si dhamana ya mmoja.

## Uamuzi wa kupima, na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Wangeweza kuachana na jambo lenyewe na kugawana hasara. Wangeweza kuagiza kipimo cha uzazi peke yake, kile kinacholinganisha vialama vingi vya vinasaba vya mtoto na vya wanaodhaniwa kuwa wazazi. Au wangeanza na jeni za rangi.

Walianza na rangi, kwa sababu mbili. Mfugaji alitaka kujua jike wake mweupe anabeba nini, swali ambalo kipimo cha uzazi hakiligusi kabisa. Mwenye dume kwa upande wake alisema waziwazi kwamba orodha ya namba kutoka maabara ya ng'ambo hataielewa, ilhali rangi anaielewa. Daktari akakubali, ila kwa sharti la maandishi lililotiwa saini kabla ya sampuli kuchukuliwa: gharama nusu kwa nusu, na mtoto yeyote atakayethibitika si wa dume la buluu hataingia kwenye hesabu ya malipo ya kupandisha. Sharti lilimhusu mtoto yeyote, si wa chungwa peke yake. Mwenye dume alitia saini bila kusita, akiwa na hakika ya nani atakayeenguliwa.

Waliopimwa ni jike mweupe, dume la buluu, dume mchanga mweusi, na watoto watatu wenye rangi. Mtoto mweupe aliachwa ili kupunguza gharama, kwa kuwa rangi yake haikuwa na mgogoro. Paka wa nje hakukamatika, na baada ya hesabu ya karatasi hakuna aliyeona haja ya kumfukuza juu ya mapaa.

Maeneo yaliyoagizwa yalikuwa manne: weupe, ufifishaji, kahawia, na ile jeni ya kuondoa milia. Chungwa haikuwamo, si kwa kusahaulika. Wakati huo hakukuwa na maabara yoyote duniani yenye uwezo wa kuipima. Kwamba imo kwenye X ilijulikana tangu zamani, lakini badiliko lenyewe lilikuwa halijapatikana. Rangi iliyogombaniwa zaidi ndiyo iliyokuwa haina kipimo.

Sampuli alichukua daktari mwenyewe kliniki kwake, pande zote mbili zikiangalia. Watoto waliwekwa chipu siku hiyo ili kila bahasha iandikwe namba isiyobishaniwa. Brashi ndogo husuguliwa ndani ya shavu kwa nusu dakika hivi, ikaachwa ikauke, ndipo ikatiwa kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huotesha ukungu. Watoto walitengwa na mama kwanza, kwa sababu anayenyonya hubeba mdomoni seli za mama yake. Wawili walitengwa ipasavyo. Wa tatu, yule wa buluu, alitoroka kikapuni akanyonya kabla ya zamu yake, na waliokuwapo wakaona si kitu.

## Matokeo ya kwanza

Maabara ilirudisha ripoti ya paka watano. Ya mtoto wa buluu ilisema sampuli ina mchanganyiko wa vinasaba vya zaidi ya paka mmoja, irudiwe. Ikarudiwa, na wiki kadhaa zikapotea, ambazo kwa watoto wanaokua na wateja wanaopiga simu si kitu kidogo.

Kwenye weupe, jike alikuwa na nakala moja ya weupe na moja ya kawaida. Ndiyo maana alizaa watoto wenye rangi. Kila mtoto alikuwa na nusu ya uwezekano wa kuwa mweupe. Uzao wake wa kwanza wa weupe wawili ulikuwa bahati tu ya moja kwa nne.

Kwenye jeni ya kuondoa milia wote sita walikuwa na nakala mbili za kuondoa, pamoja na wa chungwa. Milia yake haikuwa na maana yoyote, kama karatasi ilivyokwisha kusema.

Uzito ulikuwa kwenye ufifishaji. Jeni yake huitwa MLPH, na badiliko lake, lililotambuliwa mwaka 2006, ni upungufu wa herufi moja tu ya vinasaba. Mwenye nakala mbili zenye upungufu huo hushindwa kusambaza chembe za rangi sawasawa kwenye unywele. Zinajikusanya vibonge, na jicho linaona buluu badala ya nyeusi, au krimu badala ya chungwa. Ripoti huandika N kwa nakala ya kawaida na d kwa ya kufifisha. Majibu yalikuwa hivi:

Jike mweupe: N/d
Dume la buluu: d/d
Dume mchanga mweusi: N/N
Mtoto wa chungwa: N/d
Mtoto mweusi: N/N
Mtoto wa buluu, baada ya kurudiwa: d/d

Msomaji atazame mstari wa pili na wa tano. Dume la buluu hana kitu kingine cha kutoa isipokuwa d. Kila mtoto wake, awe na rangi gani, lazima abebe walau d moja. Mtoto mweusi hana hata moja. Kwa macho hakuna njia ya kulijua hili, kwa sababu mweusi mwenye N/N na mweusi mwenye N/d hawatofautiani. Mtoto ambaye mwenye dume alimchagua kwa hakika ndiye pekee ambaye dume lake haliwezi kuwa baba yake.

Mtoto wa buluu alikuwa kinyume chake. Ana d mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na dume mchanga mweusi hana d ya kutoa. Kati ya madume wawili waliopimwa, huyu ni wa dume la buluu.

Na wa chungwa? Hapa rangi ilinyamaza. N/d yake ingeweza kuwa N ya mama na d ya dume la buluu, au d ya mama na N ya dume mchanga. Daktari aligeukia kahawia, jeni ya TYRP1, kwa matumaini kidogo. Dume la buluu alikutwa anabeba nakala moja ya chokoleti, yaani ya kahawia, jambo ambalo mwenyewe hakulijua. Jike na dume mchanga hawana. Kama mtoto wa chungwa angekutwa nayo, ingekuwa imetoka kwa dume la buluu. Hakuwa nayo. Hilo halithibitishi lolote, maana hata mtoto halali wa dume hilo ana nusu ya uwezekano wa kutoipata. Mtoto wa buluu alikuwa nayo.

## Duru ya pili

Daktari aliwaeleza wote wawili majibu siku moja, akawaomba wasichukue hatua kabla ya kipimo cha uzazi. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi na ya busara pia: kumwondoa baba kwa eneo moja la vinasaba kunategemea bahasha moja isiwe imebadilishana na nyingine, na maabara nyingi za uzazi hutaka maeneo zaidi ya moja yakatae ndipo ziandike kwamba hapana. Vinasaba vilivyobaki maabara vilitumika, hivyo hapakuwa na haja ya sampuli mpya isipokuwa ya mtoto mweupe, aliyeongezwa sasa.

Majibu yalikuwa wazi. Mweupe, wa chungwa na wa buluu wanalingana na dume la buluu, na dume mchanga amekataliwa kwao. Mweusi analingana na dume mchanga, na dume la buluu amekataliwa. Paka wa nje hakuwa baba wa yeyote.

## Jinsi lilivyoisha

Mwenye dume alikuwa amekwisha kumpeleka mweusi nyumbani kwake, na watoto wake walikwisha kumzoea. Kwa sharti aliloliwekea saini hakuwa na haki naye kama malipo. Walikubaliana arudishwe, naye akachukua jike wa buluu. Wa chungwa aliandikishwa kwa jina la dume la buluu na kwenda kwa mteja wake. Mweusi aliandikishwa kwa baba yake halisi, uzao mmoja kwa vyeti viwili vya baba, jambo ambalo chama chao cha wafugaji kilikubali kwa kuonyeshwa ripoti ya uzazi.

Lilibaki suala la figo. Waajemi wana ugonjwa wa kurithi wa figo kujaa vifuko vya maji, unaotokana na badiliko la jeni PKD1 lililotambuliwa mwaka 2004. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumwathiri mtoto. Dume la buluu na jike walikwisha kupimwa kabla ya kupandishwa. Dume mchanga hakuwahi, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia kuzalisha mwaka huo. Alipimwa akakutwa salama, na mweusi akauzwa.

## Uchambuzi

Swali lililowaleta kwa daktari lilikuwa "nani baba?", na kipimo cha jeni za rangi si jibu la swali hilo. Kinaweza kumkataa baba, hakiwezi kumthibitisha. Ukiangalia muda na fedha peke yake, kipimo cha uzazi kingeagizwa tangu mwanzo na kisa kingeisha wiki nyingi mapema. Naona walipaswa kuagiza vyote viwili kwa pamoja. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema rangi ilikuwa upotevu. Mwenye dume alimkabidhi mweusi bila ugomvi kwa sababu alielewa mwenyewe kwamba d/d haiwezi kuzaa N/N. Angepewa ukurasa wa vialama tu, angesema maabara imekosea, na hakuna daktari angeweza kumbishia kwa lugha anayoikubali. Kipimo cha pili kiliamua. Cha kwanza kilimridhisha.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni lile sharti la "mtoto yeyote" kutiwa saini mapema. Laiti lingemtaja wa chungwa peke yake, majibu ya mweusi yangezua kesi mpya, na pande zingekuwa zimegeuka. Kuchukua sampuli mbele ya wote na kufunga namba za chipu kwenye bahasha nako kulikata maneno mengi kabla hayajazaliwa. Doa lilikuwa kwa mtoto wa buluu: kila mtu kliniki alijua kwa nini watoto wametengwa, na bado sampuli ya aliyetoka kunyonya ikaenda posta. Kusubiri saa moja zaidi kungeokoa wiki kadhaa.

Shuku ilielekezwa na macho, na macho yalielekea kwenye rangi inayong'aa. Chungwa huvutia tuhuma kwa sababu inaonekana, na kwa sababu paka wa mitaani wa rangi hiyo ni wengi. Weusi hautiliwi shaka na mtu. Lakini kwenye uzao wa dume la buluu, mtoto wa kuulizwa kwanza ni yule asiyefifishwa, hasa ikiwa kuna dume mwingine mweusi chini ya paa moja. Mfugaji mwenye dume d/d ana kipimo cha bei nafuu mkononi mwake siku zote: kila mtoto wa dume hilo lazima abebe d. Hivyo ndivyo pia kwa dume wa chokoleti, na kwa dume mwenye alama za Kisiami, maana rangi hizo zote hujitokeza kwa nakala mbili tu, na mwenye nakala mbili hana nyingine ya kutoa. Kwa dume mweusi hesabu hiyo haipo mpaka apimwe ajulikane anabeba nini.

Je, leo mambo yangekuwa tofauti? Mwaka 2025 makundi mawili ya watafiti, moja la Kyushu nchini Japani na jingine la Stanford nchini Marekani, yalichapisha kwamba chungwa ya paka inatokana na kukosekana kwa kipande cha vinasaba cha herufi zipatazo 5,000 karibu na jeni iitwayo ARHGAP36, kwenye X. Kipimo cha badiliko hilo kingemwonyesha jike mweupe kuwa na X moja ya chungwa hata kabla hajapandwa, na mwenye dume angeambiwa mapema asishangae. Kisingemtaja baba wa mweusi. Wala kisingesema mabaka ya jike huyo yangekaa wapi laiti angekuwa na rangi, kwa kuwa kila seli ya jike huzima X moja kati ya mbili bila kufuata mpango, kama Mary Lyon alivyoeleza mwaka 1961. Paka wa kwanza kunakiliwa maabara, aliyezaliwa Texas mwishoni mwa 2001 na kuitwa CC, alitokana na seli ya jike wa mabaka, naye akazaliwa bila chungwa hata kidogo.

Kuna mtoto ambaye kisa hiki kilimpita kando, yule mweupe. Alipimwa uzazi kwa sababu ya mkataba, lakini kwake swali la maana lilikuwa masikio. Badiliko lilelile la KIT linaloondoa seli za rangi kwenye ngozi linaweza kuziondoa pia kwenye sikio la ndani, ambako zinahitajika ili paka asikie. Hatari ni kubwa zaidi kwa weupe wenye macho ya buluu, ingawa wa macho ya shaba hawako nje ya hatari. Kupiga makofi nyuma ya kichwa humgundua kiziwi wa masikio yote mawili. Kiziwi wa sikio moja hugeuka kama kawaida. Kipimo cha umeme wa neva za sikio hakikupatikana mjini. Mfugaji alimuuza kwa maelezo ya maandishi kwamba anaitikia sauti nyumbani na kwamba hakupimwa zaidi, na kwamba akizalishwa asipandishwe na mweupe mwenzake. Ningependa kuona maelezo kama hayo kwenye kila mauzo ya paka mweupe.

Wafugaji hawa wawili bado wanapandishiana. Mkataba wao sasa uko kwenye karatasi na una vifungu vitatu vipya: jike akirudi kwake atengwe na kila dume asiyehasiwa aliyevuka miezi mitano mpaka wiki mbili zipite, kila dume aliyemo nyumbani apimwe figo hata kama hajaanza kazi, na mwenye dume asichague mtoto wa malipo kabla ripoti ya uzazi haijafika. Kifungu cha tatu kilipendekezwa na mwenye dume.